Siku Tatu na Pacha Mdogo wa Bikira

Tangu nirudi kutoka Luapula mmenisumbua. Kila anayekuja kuketi kwenye benchi la karakana yangu anauliza yale yale: Fundi Shabani, Mwislamu wa kuzaliwa, ulikuwa na shughuli gani na sanamu ya Wakatoliki? Na safari ya siku moja ilikulaje siku tatu? Nimechoka kusimulia kipande kipande, kila mtu anaondoka na kipande chake, halafu mkikutana mnagombana. Basi naandika mara moja. Someni, mniache nichanganye plasta yangu.

Kenya: mbuzi na uso

Kwa atakayepewa karatasi hizi bila kunijua: mimi ni fundi wa plasta hapa komini ya Kenya, kata ya mji wa Lubumbashi, si ile nchi. Napamba dari za nyumba, maua pembeni na duara katikati. Wazee wetu walitoka Kasongo, Maniema, na sisi ni Waislamu, wa kwenda msikitini kila Ijumaa tukikumbuka.

Mama Kiungu aliletwa na pikipiki. Ni bibi mzima, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mgongoni alikuwa amefunga kwa kitenge kitu ambacho sote tulidhani ni mjukuu. Alipokifungua, mke wangu alipiga kelele, kwa sababu mjukuu hakuwa na uso.

Ilikuwa sanamu ya msichana aliyepiga magoti. Ninyi mmeona mapango ya Wakatoliki: Bikira Maria anasimama juu, na chini yake anapiga magoti yule msichana wa Ufaransa ambaye wanasema alimwona. Huyu alikuwa wa pango la misheni ya zamani iliyo mbele ya Kasenga, kando ya mto Luapula.

"Mbuzi alimupanda," alisema Mama Kiungu. "Akaanguka, uso ikasagika. Tengeneza."

"Mama, miye niko Mwislamu. Sitengenezaka sura ya muntu."

"Unatengenezaka maua?"

"Ndiyo."

"Na maua njo nani aliumba?"

Mke wangu akaleta chai. Nikaichukua kazi. Niliomba picha ya uso wa zamani, hakuna. Kwa hiyo nilimkalisha yeye mbele yangu ili anieleze, pua ilikuwaje, kidevu kilikuwaje, na alipokuwa akieleza vidole vyangu vilifuata kilichokuwa mbele ya macho. Siku ya tatu niliposimama nyuma kutazama, msichana wa Ufaransa alikuwa na uso wa bibi wa Kasenga. Mikunjo niliipunguza kwa heshima. Mama Kiungu akasema, "Sasa njo yeye," yaani ndiye.

Hapo ndipo aliponieleza kwamba yeye ni mapasa, yaani pacha. Baba yao alikuwa Muluba aliyefuata biashara ya samaki Kasenga, akawapa majina ya mapasa: Kiungu aliyetangulia na Kabwe aliyefuata. Wanaishi nyumba moja, na wao wawili ndio wanaofagia pango na kuwasha mishumaa, kama mama yao kabla yao. Kwa mapasa kuna sheria moja: anachotendewa huyu atendewe na yule. Mwezi ule mbuzi alipomvunja msichana, Kabwe naye akalala kitandani. Mama Kiungu hakuhitaji daktari wa kumuunganishia mambo haya mawili. Alimwacha dada yake kwa mara ya kwanza maishani, akaja mjini.

Wiki zote tatu alizokaa kwa mpwa wake hapa Kenya, plasta ikikauka, alikuwa akila sahani mbili kila mlo, ya kwake na ya Kabwe, ili Kabwe asipungukiwe nguvu. Alikuwa amenenepa hata vitenge vikaanza kumkataa.

Alhamisi simu ilikuja kutoka kwao. Kabwe hainuki tena, na anamuulizia dada yake. Mama Kiungu alirudisha simu kwa mwenyewe. "Kesho tunaenda," akaniambia. "Na weye unakuya. Mwenye kumupa uso njo atamurudisha mu nafasi yake." Nilitaka kusema nina dari ya mtu inanisubiri. Nilimwangalia usoni nikasema sawa.

Ijumaa: barabara ya Kasenga

Lori lilikuwa la Kambale, Mnande kutoka Kivu ya Kaskazini, anayepeleka unga na chumvi Kasenga na kurudi na samaki. Ni mtu mpole, na ni Msabato wa kweli kweli. Saa tano asubuhi mzigo ulikuwa umefungwa, injini inanguruma, yeye amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Hii kitu haipande mu gari yangu. Amri ya pili inakataza sanamu."

"Haiko kitu," alisema Mama Kiungu. "Iko mugonjwa anarudia kwabo."

Waliendelea hivyo nusu saa, ikakubaliwa kwamba sanamu itakaa katikati yao kwenye kiti cha mbele, ikiwa imefunikwa kitenge mwili mzima, uso tu nje ili ipumue. Mimi nitapanda juu ya magunia. Tungeondoka pale pale, kama Kambale hangenigeukia na kucheka kidogo: "Na weye Mwislamu, siku ya Ijumaa, unabeba sanamu?"

Jamani, nilichomwa. Nilikuwa sijaonekana msikitini wiki tatu, lakini nilijikuta nasema kwa sauti ya mufti kwamba siendi popote kabla ya sala ya Ijumaa. Nikaenda. Hotuba siku ile ilikuwa ndefu, juu ya unyenyekevu. Niliporudi, Mama Kiungu alikuwa amekaa kwenye kiti chake vile vile nilivyomwacha, ameshika mkono wa sanamu. Tuliondoka saa tisa.

Kwenye kizuizi cha kutoka mjini askari alihesabu watu kwenye kiti cha mbele, akapata watatu, akataka kujua huyu wa katikati kwa nini hasalimii. Kambale alimfunulia. Askari aliruka nyuma, akavua kofia.

"Uyu iko mapasa," Mama Kiungu alimweleza. "Mudogo ya Bikira."

"Mapasa?" Uso wa askari ulifunguka. "Mama, miye niko baba ya mapasa."

Kumbe hilo lilikuwa jambo zito kuliko Bikira mwenyewe. Kwa desturi ya huko, mapasa na wazazi wao hawasalimiwi kwa adabu. Wanaimbiwa nyimbo za matusi, matusi ya chumbani hasa, na kadiri mtu anavyotukanwa ndivyo anavyojua kwamba anapendwa. Mama Kiungu alishuka, akapiga makofi, akamwimbia askari mambo juu ya kiuno chake na uvivu wake kitandani ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu binti yangu anasoma barua zangu. Askari alimjibu, wenzake wakaitikia, magari nyuma yetu yakapiga honi. Kambale alikuwa ameziba masikio akisoma Zaburi. Mimi juu ya magunia nilicheka hadi nikapaliwa na vumbi.

Tulikuwa hatujafika Kasomeno, penye njia panda ya Kasenga, jua lilipoanza kushuka. Kambale alitazama jua, akatazama saa, akaegesha lori mbele ya nyumba tatu na kuzima injini.

"Sabato ikafika," alisema.

"Papa Kambale," nilisema kutoka juu, "kuko mugonjwa."

"Weye muchana ulingojewa masaa ngapi?"

Nikashuka.

Jumamosi: mahali pasipo na jina

Nataka mwelewe kwamba magari mengine yalipita. Asubuhi lilipita moja, nikalisimamisha mwenyewe, dereva akakubali kutuchukua sote. Nyuma lilikuwa limejaa mbuzi. Mama Kiungu aliwatazama, mbuzi nao wakamtazama.

"Na hawa? Hapana."

"Mama, hawa si bale."

"Unabajua?"

Gari likaenda zake. La pili lilikuja mchana, halikuwa na nafasi hata ya kuku.

Wenye nyumba walikuwa watu wakarimu. Walituchinjia nguruwe. Mimi sili nguruwe, na Kambale, nikagundua kwa mshangao, naye hali. Wakaleta samaki, lakini ni kambale wasio na magamba, haramu kwa Msabato, na Kambale hali kambale, jambo lililowafurahisha watoto wa pale kutwa nzima. Tulikaa sisi wawili, Mwislamu na Msabato, tukichovya bukari, yaani ugali, kwenye sombe tupu ya majani ya muhogo, tukipendana ghafla. Mama Kiungu alikula nguruwe wake na wa Kabwe. Akala samaki wa Kambale, halafu akachukua na wangu kabla sijamgusa, maana alisema nguvu za leo Kabwe anazihitaji zaidi.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Kambale alikuwa amelala chini ya lori na Biblia kifuani. Nilimwomba Mama Kiungu anieleze pango lenyewe, na haya ndiyo aliyonieleza.

Kabla ya mapadri, pale kilimani palikuwa na vyungu viwili vimekaa bega kwa bega. Vilikuwa vya mapasa. Mwanamke aliyezaa mapasa, au aliyetaka kuzaa, alipanda na unga mweupe, akamwagia hiki na hiki sawasawa. Kisha padri mzungu akaja, akajenga misheni, na waliokaa kwake wa kwanza walikuwa watu waliowatoroka wafanyabiashara ya watumwa.

"Bantu ba kanzu," alisema Mama Kiungu, akiniangalia. "Ba kutoka Kasongo."

"Babu ya babu yangu alikuwa mupishi tu," nilisema.

"Eh," sauti ya Kambale ikatoka chini ya lori. "Kila muntu babu yake alikuwa mupishi."

Mama Kiungu alicheka, akanipiga begani. "Babu yako alituuza, leo weye unatubebea mutoto. Ni muzuri. Endelea kubeba."

Padri yule aliviona vyungu, akaviondoa. Mahali pale pale akajenga pango, akaweka Bikira juu na msichana chini, akadhani habari ya vyungu imekwisha. Wanawake walipanda kutazama. Wakahesabu: wawili. Mmoja mkubwa, ametangulia, mmoja mdogo, amefuata. Wakarudi nyumbani kuchukua unga. Padri alieleza katika mahubiri kwamba huyu wa chini ni binadamu wa kawaida, hana undugu wowote na Bikira. Wakaitikia ndiyo mon père, wakaendelea kuwasha mishumaa miwili. Akaja padri wa pili, akaeleza. Akaja wa tatu. Yule wa sasa ni mtoto wa hapa hapa, huja mara moja kwa mwezi, na mama yake mwenyewe alizaa mapasa. Huyo haelezi kitu.

"Na weye mwenyewe, Mama, unaamini Bikira alizaliwa mapasa?"

"Fundi, njo unawaza Mungu atamutuma mutoto mwanamuke peke yake, mbali vile?"

Jua lilipozama Sabato iliisha, lakini lori lilikuwa na taa moja tu mbele, na hiyo moja ilikuwa inatazama miti. Tukalala. Mama Kiungu alilaza sanamu kwenye mkeka wake, akaifunika nusu ya blanketi.

Jumapili: makofi ya Kasomeno

Tulifika Kasomeno asubuhi mapema, na hapo Mama Kiungu akaomba lori lisimame. Sikuamini. Yeye ndiye mwenye haraka kuliko sote.

"Kila Jumapili saa tatu katekista anamuletea Kabwe Komunyo mu kitanda," alisema. "Akipokea yeye, miye nami nipokee saa ile ile. Siwezi kumuacha apokee peke."

Nilimwangalia Kambale anisaidie. Alikuwa ameshazima injini. "Ijumaa tulikungojea weye, jana mukaningojea miye. Leo ni zamu ya Mama. Haki ni haki."

Kanisani hapakuwa na padri, aliongoza na kugawa Komunyo mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ibada ingekwisha kwa saa moja kama watu hawangeiona sanamu. Walitaka kujua habari zake, Mama Kiungu akasimulia mbuzi. Walitaka kumwona fundi, nikasukumwa mbele. Mzee mwenye miwani akaniita "mutumishi" na kuniomba neno.

Ningeweza kusema asanteni na kukaa. Lakini mnanijua. Niliwaambia kwamba sisi nasi tunamheshimu Maryamu, kwamba Kurani ina sura nzima yenye jina lake, nikawasomea mwanzo wake kama nilivyofundishwa utotoni. Kanisa likapasuka kwa makofi. Nikaongeza. Makofi tena. Kambale, aliyesema hataingia, alikuwa mlangoni akisema amina. Mama mmoja alinivika shada la maua ya karatasi, na tukazungushwa kanisa mara tatu na ngoma, mimi, sanamu na Mama Kiungu. Sijawahi kupigiwa makofi namna ile kwa dari yoyote niliyotengeneza. Tulipotoka ilikuwa karibu saa sita.

Mtoni

Kasenga hatukukaa. Lori liliachwa kwa wapakua mizigo, na Kambale akashuka nasi hadi ufukoni. Alisema anataka tu kuona mambo haya yataishia wapi. Tulipata mtumbwi wenye mota. Ulikuwa na jaketi moja la kuokolea maisha, na Mama Kiungu alimvalisha sanamu.

"Mama, ile haiwezi kufa maji," nilisema. Mimi sijui kuogelea.

"Ilishakufa mara moja. Inatosha."

Kwa hiyo nilipita juu ya maji ya Luapula nimeshika pande zote mbili za mtumbwi, Zambia mkono mmoja na Kongo mwingine, huku mbele yangu bibi wa plasta amekaa salama ndani ya jaketi la rangi ya machungwa. Kambale alikuwa akiimba nyimbo zao za kitabuni. Mama Kiungu alikuwa akitazama mbele tu.

Kilimani

Ngoma tulizisikia kabla ya kuona mapaa. Tulipozunguka matete nikaona ufuko umejaa wanawake waliojipaka unga mweupe usoni, wanacheza, wanaimba zile zile nyimbo za kiuno na kitanda. Furaha iliyonijaa siwezi kuieleza. Nilijisemea, kumbe wametusikia tunakuja, kazi yangu inapokelewa hivi. Nilikuwa bado nimevaa shada la Kasomeno.

Mama Kiungu alishuka wa kwanza. Alisimama kwenye maji hadi magotini, akasikiliza. Kisha akainua mikono na kuanza kucheza, na alicheza kwa nguvu kuliko wote. Basi mimi ningebaki nyuma? Nilibeba sanamu begani, na jaketi lake, nikaingia katikati nikikata kiuno, nikitukana kwa Kiswahili na Kifaransa na maneno machache ya Kibemba ninayoyajua. Wanawake walinifungulia njia. Bibi mmoja mzee alinisimamisha, akapapasa shavu la sanamu kwa vidole vyenye unga. "Kabwe," alisema.

"Ulimuona wapi Kabwe?" aliniuliza mwanamume mmoja pembeni. Alikuwa katekista.

"Sijamuona bado. Iko wapi? Anaendelea?"

Alinivuta kando ya ngoma. Aliniambia kwamba saa tatu alimpelekea Komunyo. Alipokea vizuri, akauliza, "Kiungu alifika?" Akajibiwa bado. Akageukia ukuta. Kabla ya saa sita alikuwa amekwenda.

"Lakini banacheza," nilisema.

"Ni mapasa, Fundi. Mapasa habaliliwe. Ukimulilia uyu, yule mwingine anasikia wivu, anamufuata. Hapa hakuna mwenye kulia."

Nilihesabu pale pale, hata kama sikutaka. Kama ningeacha sala yangu ya Ijumaa tungefika Kasomeno kabla ya Sabato, na kutoka pale Mama Kiungu angepata gari lolote. Kama Kambale angeacha Sabato yake. Kama tungepita Kasomeno bila kusimama. Siku yoyote moja ingetosha. Na saa ile Kabwe alipokuwa akigeukia ukuta, mimi nilikuwa mbele ya watu nikipigiwa makofi.

Machozi yalinijia, nami si mtu wa machozi. Sikuwa nimefuta la kwanza wanawake wawili waliponirukia, mmoja akanipiga mgongoni, mwingine akaniziba macho kwa kiganja chenye unga. "Hapana, papa, hapana. Unataka kumuua na Kiungu?" Walikuwa wameogopa kweli, na mimi nikaogopa.

Sanamu tuliipandisha kilimani wakati ngoma zinaendelea. Kambale ndiye aliyeinua sehemu ya magoti, Kambale wa amri ya pili, akaishika bila kutikisika nilipokuwa nikiishikiza kwa saruji chini ya Bikira. Jasho na vitu vingine vilikuwa vikimtoka usoni na alikuwa amekaza meno katika tabasamu baya sana, kwa sababu naye alikuwa ameelezwa.

Kisha Mama Kiungu akaja kunichukua. Uso wake ulikuwa mweupe wa unga. Alinishika mkono, akaniingiza katika nyumba yao, ambako Kabwe alikuwa amelazwa kwenye mkeka, naye amepakwa unga. Nilimtambua. Nilikuwa nimeupapasa uso ule kwa siku tatu. Alikuwa mwembamba tu.

"Kila mugeni anamutukana," alisema Mama Kiungu. "Hata weye. Asikie nani alikuya kwake."

Nyumba ilikuwa imejaa. Wote walikuwa wakiningoja. Nilitafuta tusi, mimi ambaye nusu saa kabla nilikuwa nikiyamwaga. Mama Kiungu alinibana mkono.

"Kabwe," nikasema. "Haraka yako ya bure, mwanamuke weye. Bantu batatu banasali mu njia siku tatu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, bote juu yako. Na haukuweza kungojea hata amina?"

Mama Kiungu akacheka. Cheko lake lilianzia tumboni, likamtikisa, akashika nguzo ya mlango. Wanawake wakafuata, katekista akafuata, Kambale akafuata, nami nikacheka kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kucheka. Tulicheka hadi mmoja mmoja tukachoka na kunyamaza. Yeye aliendelea peke yake, paji la uso kwenye nguzo, unga mashavuni ukilowana, na hapakuwa na aliyethubutu kumwambia aache.